Mtoto Aliyekuwa Kwenye Daftari Moja Tu

Walezi wenzangu, nimeombwa kusema, na mimi si msemaji. Shule niliiachia kidato cha pili. Nikinyamaza katikati, nivumilieni.

Wazazi wetu walipofariki wote wawili, ukoo ulitugawa siku ya kumaliza matanga. Mdogo wangu wa kike anayenifuata aende kwa shangazi kule Mwaya. Kitinda mimba, mtoto wa miaka minne, avushwe mto Songwe kwa baba mdogo, Malawi. Nikasimama nikasema, "Hawagawanywi. Nitawalea mimi."

Baba mkubwa akanitazama. "Wewe, na ndevu zako tatu?"

Watu wakacheka. Kesho yake nikaenda kubeba magunia ya mchele mpakani Kasumulu.

Mwaka haukuisha, mdogo wangu wa kike akaanza kukohoa. Zahanati wakasema ni kifua kikuu, ameze vidonge kila siku kwa miezi sita. Wakaniambia niwalete wote tunaolala nao wapimwe. Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipoanguka. Niliogopa wakimwona kitinda mimba alivyokonda watamchukua. Nikasema, "Yuko Malawi kwa baba mdogo." Muuguzi akaandika.

Afisa ustawi wa jamii naye alikuja nyumbani kuangalia tunavyoishi. Huyo alimkuta mtoto, akampakata, akaandika kwenye daftari lake: watoto watatu, nami nikihesabiwa. Kwetu mgeni hakuti jiko baridi, kwa hiyo kila nikisikia anakuja nilikimbilia kwa mama jirani kuazima ndizi. Mama yule ana mdomo. "Ndizi zangu zinanenepesha serikali," alisema, "nyie mnanusa mvuke!" Lakini alinipa. Afisa akala, akaandika chakula kipo. Siku nyingi tulishindia chai kavu.

Vidonge juu ya tumbo tupu vilimtapisha mdogo wangu. Akawa anavitema na kuvifukia nyuma ya choo. Nilimwona. Mhudumu wa afya wa kijiji alipouliza, nilijibu, "Anameza vizuri." Na usiku alilala mkeka mmoja na kitinda mimba.

Mtoto alikohoa wiki chache tu. Nilipomfikisha hospitali, nilikuwa nimechelewa.

Msibani walikuja wote. Muuguzi akaniuliza taratibu, "Huyu ni mtoto gani? Wa kwenye daftari langu yuko Malawi."

Afisa ustawi akageuka. "Malawi? Mimi nimempakata hapahapa mwezi jana."

Wakatazamana. Nikasema, "Nilidanganya."

Nilingoja muuguzi anitukane. Hakunitukana. Alikaa chini kwenye mkeka akasema, "Umedanganya, mwanangu. Na sisi tunapishana kila siku njia hii hii, hatukuulizana hata mara moja. Ofisi yangu na yake ni mwendo wa dakika tano."

Wiki iliyofuata muuguzi huyo alituketisha benchi moja pale zahanati: afisa ustawi, mhudumu wa afya, mtendaji wa kijiji, baba mkubwa na mimi. Akasema, "Leo anaeleza mara moja, wote tunasikia." Nikaeleza hadi vidonge vya nyuma ya choo. Baba mkubwa alilia. Mtendaji akatafuta unga. Afisa akaahidi mbele ya wote kwamba hatutatenganishwa. Mhudumu akawa anakuja asubuhi, anasubiri mgonjwa ale uji, ndipo anampa dawa. Kila Ijumaa waliketi tena, na muuguzi hakuruhusu mtu atume salamu badala ya kuja.

Mdogo wangu alianza dawa upya, akamaliza. Makohozi yalipopimwa yalikuwa safi. Amerudi shule.

Nawashukuru wote wa benchi lile. Mama jirani, nawe. Ndaga fijo, asanteni sana.

Walezi, msiifiche njaa kwa anayekuja kusaidia. Nanyi wa ofisi mlioketi hapa mbele, nasema kwa heshima: mimi nilikosa, nami nitaubeba mzigo huo. Ila msisubiri kukutana makaburini. Ulizaneni wakati mtoto bado anapumua.