Friji la Masalu Juu ya Jiwe

Mwaka ule maduka ya Mwanza yalipojaa friji za mtumba kutoka Dubai, benchi la kahawa la Pasiansi lilikuwa na wajuzi watatu. Masalu alikuwa mmoja wao, ila asubuhi hiyo ujuzi ulimwishia. Friji lake lilikuwa linapiga shoti. Fundi Antoni alikuwa amemweleza kuwa nyumba aliyoachiwa na baba yake, ya enzi za mkoloni, ina nyaya mbili tu. Wa tatu, wa ethi, ule wa kuushusha ardhini umeme uliotoroka, haumo. Alizime mpaka waya huo uwekwe. Masalu hakulizima. Hellen, mkewe, alikuwa anauza barafu.

— Fundi anataka kuchimbia nondo ya shaba ya kufungia waya huo, alisema Masalu. Ataichimbia wapi, na nyumba imekaa juu ya jiwe?

— Funga waya kwenye jiwe, alisema Luhaga, aitwaye Injinia kwa kuwa aliwahi kuwashikia ngazi watu wa umeme. Jiwe nalo si ardhi?

— Tatizo ni umeme wenyewe, alidakia Maige, ambaye kwa kutonyamaza walimwita Bunge. Wa mkoloni ulikuwa mpole, nyaya mbili zilitosha. Huu wa soko huria hauna adabu!

— Basi avute waya mpaka ziwani, alisema Injinia.

— Aue sangara wote? aliuliza Bunge.

— Acha wafe, tuokote. Wazima si wanapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunaachiwa mapanki, mifupa na vichwa?

Masalu alicheka, akaongezewa kahawa. Hapo akafika Akeyo, muuza samaki, beseni kichwani.

— Shikamooni. Mzee Masalu, nakwenda kwako kuchukua barafu. Eti friji linarusha watu?

— Linarusha wasio na utaratibu, mwanangu. Kwangu viatu vinaachwa mlangoni, lakini mbele ya friji nimeweka kandambili za mpira. Haligusi mtu bila kuzivaa, hata Hellen.

— Pea ngapi?

— Moja. Tunapokezana.

Akeyo akamtazama miguuni.

— Ndiyo hizo ulizovaa?

Injinia akageukia kikombe chake. Masalu alikwisha kuondoka, anapanda mawe peku, kandambili mkononi, akiita jina la mkewe.