Picha ya Mama Mageni na Paka Wake

Risala ya wanafunzi wa upigaji picha, Chuo cha Ufundi Mwandulila, kwa mgeni rasmi Bi. Lataben, Jumamosi, Julai 12, 1997

Mgeni rasmi, Bi. Lataben, ambaye sisi tumezoea kukuita Mama Umesh. Mwalimu wetu Selestine. Mwenyekiti wa kijiji. Wazee wetu, na wazazi mlioacha pamba shambani mkaja kukaa nasi: shikamooni.

UKARIBISHO

Mama, karibu sana Mwandulila. Umetoka Shinyanga mjini mapema, umefunga studio yako siku ya Jumamosi, siku ambayo watu wengi huja kupiga picha, ukaja kwetu. Tunalijua hilo na tunashukuru.

Sisi ni wanafunzi kumi na mmoja. Aliyetakiwa kusoma risala hii ni mwenyekiti wetu Luka, lakini ameomba leo asisimame mbele ya watu, na sababu yake utaisikia. Msomaji aliyewekwa badala yake aliishia darasa la tano na hajawahi kusoma mbele ya watu wengi. Sauti ikipotea, mtuvumilie, tutarudia.

HISTORIA YA DARASA LETU

Darasa la picha lilianza mwaka juzi likiwa na kamera moja. Ya pili ulitupa wewe, Mama, ile yenye flashi. Wengi wetu hatukumaliza shule ya msingi. Mwalimu Selestine alituambia siku ya kwanza kwamba hilo halimsumbui. Alisema kupiga picha ya mtu ni kukaa naye mpaka asahau kwamba unamtazama.

Alitupa kazi tatu za picha za watu. Ya kwanza, mtu akiwa kazini. Ya pili, mtu na mnyama anayeishi naye. Ya tatu, uso peke yake, karibu. Kazi ya pili ilitufurahisha kwa sababu chuo chetu kina wanyama wengi kuliko wanafunzi. Luka alikuja na mbwa wake kutoka Geita, alikokuwa akichimba dhahabu. Mbwa huyo anaitwa Duara, kwa sababu ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, na Luka alimkuta ndani ya shimo hilo. Bernadina anafuga njiwa juu ya bweni la wasichana. Duara huingia darasani kabla yetu, na mwalimu akiita majina humwita pia.

"Duara yupo?"

"Yupo, mwalimu, amelala."

"Basi amewazidi ninyi, mnaolala macho wazi."

Na Mama Mageni, mpishi wetu, ana paka anayeitwa Shemeji. Tukimuuliza kwa nini Shemeji, hutujibu, "Kwa sababu anakula kwangu na hanisaidii kazi."

Mama Mageni amepika hapa tangu chuo kilipokuwa na vyumba viwili. Mwanawe Mageni ameolewa Segese. Sisi wengine wote anatuita ng'wanawane, yaani mwanangu, hata Mwalimu Selestine.

MAFANIKIO

Mafanikio yapo. Wanne kati yetu wanaweza kupiga na kusafisha picha za pasipoti bila mwalimu kusimama nyuma yao. Chumba cha giza tumekijenga wenyewe kwa matofali yetu. Mwezi wa tano wewe, Mama, ulitupa filamu moja ya rangi, na picha zake zikasafishwa kwenye mashine Mwanza, zikarudi kwa basi zikiwa kwenye bahasha ya njano. Ilikuwa mara ya kwanza wengi wetu kuona picha ya rangi tuliyoipiga kwa mkono wetu. Tulizibandika ukutani katika bwalo.

Jambo linalofuata hatukujua tuliweke kwenye mafanikio au kwenye matatizo. Tuliliandika huku, tukalifuta, tukaliandika kule, tukalirudisha. Kwa hiyo tunaliweka hapa katikati.

Mwenzetu mmoja, kwa kazi ya pili, alimpiga Mama Mageni jikoni akiwa amempakata Shemeji. Ilikuwa mchana, lakini jiko letu halina dirisha, kwa hiyo alitumia flashi. Mwalimu aliisifu picha hiyo kuliko zote. Mama Mageni anacheka, kitambaa kimeteleza kidogo kichwani, mkono wake umefunika mgongo wa paka wote. Ni yeye kabisa. Ila macho yake kwenye picha ni mekundu kama makaa, na ya Shemeji ni ya kijani, yanawaka.

Sisi tulicheka. Tunaomba radhi kwa hilo. Tulicheka na yeye mwenyewe alicheka, akasema, "Nimekuwa taa ya gari."

MATATIZO

Mgeni rasmi, akina mama wa kijiji huchota maji kwenye bomba la chuo na hupita mlangoni mwa bwalo. Waliiona picha. Baada ya siku mbili wakaja kuiona na wengine ambao hawakuja kuchota maji.

Wewe ni mwenyeji wa mkoa huu, Mama. Unajua yanayowapata akina mama wazee wa kwetu wanaposemwa kwamba macho yao ni mekundu. Huitwa wachawi, na wengine wameuawa kwa mapanga. Hatutataja kijiji wala jina. Tunasema tu kwamba sisi tunalijua, na Mama Mageni analijua kuliko sisi.

Jirani yetu Mzee Mabula yupo hapa leo na tunamshukuru kwa kuja. Alipoteza ndama wawili mwezi huo huo wa tano, na hakuna aliyejua waliugua nini. Aliitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi hata mashine imemwona."

Mwalimu Selestine akamwambia, "Mzee wangu, mashine haioni. Inapokea tu."

"Imepokea kutoka wapi?"

Mwalimu alimweleza, na jioni akatueleza sisi pia. Alisema mtu akiwa mahali penye giza, ule weusi wa katikati ya jicho hufunguka. Mwanga wa flashi huingia mpaka nyuma, ambako kuna damu, kisha hurudi kwenye kamera ukiwa mwekundu. Tulielewa akiwa anaeleza. Alipoondoka tukajikuta hatuelewi tena. Kama ni damu, kwa nini ya paka ni ya kijani? Na kwa nini picha nyingine za flashi kwenye filamu ile ile hazikuwa na wekundu? Tulimuuliza. Alijibu vizuri, lakini majibu hayo kila mmoja wetu aliyapeleka kijijini kwa namna yake, na yalipofika yalikuwa majibu kumi na moja.

Mwalimu akaipeleka picha studio kwako, na kaka Umesh akatusaidia. Kwa kalamu ile nyembamba ya wino akayapaka macho ya Mama Mageni rangi nyeusi, vizuri sana, huwezi kujua. Tunamshukuru kwa moyo wake. Tuliirudisha picha ukutani. Mzee Mabula akaja, akaitazama, akatutazama sisi.

"Sasa mmeyapaka," akasema. "Asiye na kitu cha kufichwa hupakwa?"



Ndipo tukaona tujaribu wenyewe. Tulikaa sita kwenye bwalo, madirisha yamefungwa, tukapigana picha kwa flashi, kwa filamu ya rangi tuliyoichangia wenyewe, ili kuwaonyesha watu kwamba macho ya kila mtu huwa hivyo. Picha ziliporudi, wawili tu walikuwa na macho mekundu: Luka na Bernadina. Wanne walikuwa na macho yao ya kawaida.

Kwa hiyo sasa wanasemwa watatu. Njiwa wa Bernadina wamekutwa wamekufa wote asubuhi moja, na yeye hatazami mtu usoni anapozungumza. Luka hataki kusimama mbele yenu. Na hata sisi wanne, tunaona aibu kusema, kuna siku tuliketi kula tukawa tunawatazama wale wawili kwa wizi. Tumesoma nao chumba kimoja mwaka mzima. Hatujui wazo hilo lilitoka wapi.

Mwalimu aliziangalia zile picha akatuuliza kila mmoja alikuwa akitazama wapi. Luka na Bernadina walitazama kamera. Sisi wanne tulikuwa tumetazama pembeni. Tuliogopa, ndiyo maana. Walioogopa ndio waliotoka salama.

Mama Mageni anaendelea kupika. Macho yake ya kawaida, tuseme kweli, yana wekundu kidogo, ya moshi, kama ya yeyote kati yetu baada ya zamu ya jikoni. Hatujui kama kusema hivi kunamsaidia au kunamharibia. Mawe yametupwa kwenye bati lake mara tatu. Sasa analala bweni la wasichana, kati ya vitanda vyetu, na Shemeji miguuni. Mwanawe alituma mtu aje kumchukua aende Segese. Alikataa. Alisema, "Nikikimbia nimekubali. Na huko Segese nako kuna watu wenye macho."

Wenzangu waliniambia niandike "mwenzetu mmoja" nilipotaja aliyepiga picha ile. Nimeandika hivyo. Lakini aliyepiga ni mimi ninayesoma. Nilimwomba Mama Mageni asogee kwenye giza ili flashi ionekane vizuri, nikamwita mayu, yaani mama, nikamwambia, "Mayu, nitazame mimi." Akanitazama. Nilipokwenda kumwomba radhi alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Ng'wanawane, mimi nilifurahi kupigwa picha. Hilo usiniondolee." Nikakaa nikachambua naye.

Samahani. Narudi kwenye risala.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandaa maombi ya taa nyekundu ya chumba cha giza, karatasi za picha na bomba la pili. Tumeyatoa yote. Yamebaki matatu.

Mgeni rasmi, Jumamosi ijayo kuna mkutano wa kijiji, na jina la Mama Mageni litazungumzwa. Juzi Mwenyekiti wa kijiji alikaa na mwalimu, Mzee Mabula na sisi. Mzee Mabula alisema maneno haya mbele ya wote, na ameturuhusu tuyasome:

"Mimi sina ugomvi na yule mama. Nina ng'ombe na nina wajukuu, ninaogopa. Ninyi ni watoto, mnaweza kuambizana mtazame wapi. Lakini yule mama wa studio ni mtu mzima, amepiga picha za watu tangu mimi sina mvi, hana haja ya kutudanganya. Yeye akikaa apigwe na macho yake yakatoka mekundu, na mimi nitakaa. Nami yakitoka mekundu, nitasema mwenyewe mkutanoni."

Luka akamuuliza, "Na ya mama wa studio yakitoka ya kawaida?"

Mzee Mabula akasema, "Hapo sijui, kijana. Usiniulize."

Nasi hatujui. Mwalimu anasema yatatoka mekundu tukifuata masharti. Anasema hivyo kwa uhakika, lakini tumemwona akijaribu flashi peke yake darasani, tena na tena.

Ombi la kwanza. Katika kamera mna filamu nyingine ya rangi yenye picha saba ambazo hazijapigwa. Tunakuomba ukubali kupigwa ya kwanza, leo, mbele ya wazee hawa. Mzee Mabula atapigwa ya pili, Mwenyekiti wa kijiji amekubali ya tatu, na zilizobaki ni za yeyote atakayekuwa tayari.

Tunajua tunachokuomba. Na wewe ni mama wa umri wa Mama Mageni, una duka na una jina, na picha ikishatoka hairudi ndani ya kamera. Watu watakaoiona si wote watakaoelezwa, na watakaoelezwa si wote watakaoelewa. Sisi wenyewe tunasoma picha na hatujaelewa vizuri. Ukikataa, hatutakulaumu. Tutakupa chakula, tutakushukuru na kukusindikiza kwenye gari.

Ombi la pili. Mzee Mabula mwenyewe apande basi na filamu hiyo Jumatatu mpaka Mwanza, akae hapo mashine inapoitoa, na bahasha ifunguliwe hapa mbele ya watu. Na tunamwomba sana kaka Umesh, kwa heshima zote, safari hii asitusaidie.

Ombi la tatu ni la namna ya kukaa. Tumetayarisha stoo ya mahindi, tumeziba mwanga wote, tumeweka kiti. Utakaa gizani kama dakika kumi. Mwenzetu Asteria atakaa karibu nawe akizungumza ili usichoke. Mama Mageni hatakuwepo. Yuko jikoni na hajui kwamba tumeandika haya. Tulimficha jambo hili kwa sababu tulidhani angetukataza kukusumbua.

Atakayeshika kamera ni mimi, ukiniruhusu. Nitahesabu mpaka tatu kwa sauti. Tunakuomba, Mama, nikifika tatu usitazame pembeni.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, awape mvua na mifugo yenye afya wazee wetu waliokaa hapa, na amlinde kila mtu aliyepigwa picha na anayengoja kupigwa.

Ni sisi, wanafunzi kumi na mmoja wa upigaji picha, Chuo cha Ufundi Mwandulila.

Imesomwa kwa niaba yao na Paskazia.