Mlango Nyuma ya Ukuta wa Konokono

Kijiwe cha kahawa karibu na stesheni ya Mpanda kilikuwa na sheria moja: aliyeshikwa na uongo hakai benchi, anakunywa amesimama. Dieudonne, fundi baiskeli na mwimba besi wa kwaya kule Katumba, alikuwa amesimama miaka miwili. Alidai kwamba kwenye gemu la video la mzamiaji wa baharini, alilolicheza dukani Tabora mpaka vidole vikaota sugu, kuna mlango nyuma ya ukuta wa konokono, naye aliufungua. Jana gemu hilo lilikuja banda la video likiwa filamu. Mlango ukaonekana, ukaanza kufunguka, na petroli ya jenereta ikaisha. Leo Dieudonne aliketi katikati ya benchi, magoti kayapanua.

— Sogea kidogo, mzee, alisema Gaspar wa Karema, waliyemwita Nahodha.

— Nimesogea miaka miwili. Leo sogea wewe.

— Haya. Ila filamu yenyewe mbovu. Mzamiaji gani ana ndevu?

— Kwenye gemu hana. Na wamempa mke ambaye hakuwepo. Nimewasamehe. Mlango wameuweka palepale, baada ya konokono wa saba.

Masele, ambaye jina lake la kijiweni ni Mita kwa kupima kila neno, alikohoa.

— Mimi najiuliza, wale wazungu walijuaje? Huyu ameutangaza toka mwaka tisini na tatu.

— Kwani maneno ya Mpanda hayapandi treni? alijibu Nahodha. Yamefika Tabora, mapadri wakayaandika kwenye barua, Ulaya hiyo.

— Kumbe filamu ni ya Dieudonne, alisema Masele. Mbona hawakuandika jina lake mwanzoni?

— Mwanzoni wewe ulichelewa. Utajuaje?

Dieudonne alicheka chinichini, wala hakukanusha. Hapo Immaculata, aliyeleta baiskeli yenye pancha, akauliza taratibu:

— Kaka Dieu, ulipoufungua wewe, mle ndani kulikuwa na nini?

Kijiwe kizima kikamgeukia Dieudonne. Angesema dhahabu, wangeamini. Angesema joka, wangeamini pia. Akakitua kikombe cha kahawa.

— Sijui, dada. Niliuona tu. Niliogopa, nikampisha mchezaji mwingine, na saa ya treni ya kurudi ikanikuta. Kwa padri nimetubu mengine yote, hili nikaliruka.

Akainuka ili anywe amesimama. Masele akamshika shati.

— Subiri nipime. Mlango kweli, kufungua uongo. Nusu kwa nusu. Kalio moja benchi, jingine nje.

Dieudonne akaketi hivyohivyo, ameinama upande, kifua mbele kama askofu siku ya kipaimara.