Nguzo za Chini

Kijiwe chetu kina benchi moja, mbao mbili za kumiminia zege zilizopigiliwa misumari juu ya mawe, nalo linatazama kiwanja kitupu kilichoota majani mpaka kiunoni. Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kiko hatua tatu kutoka hapo, kwa hiyo hata nisipotaka kusikia, nasikia, na sipendi upuuzi: mtu akanyage msumari halafu aniambie kiatu kimejitoboa chenyewe! Anayeuza kahawa ni Zege. Alichanganya zege miaka ishirini na tisa mpaka mgongo ukamgomea, na methali anazo gunia zima, ila anachomoa bila kuangalia. Mwenye miwani ni Steshenari, anatoa fotokopi na kuwajazia watu fomu za vyuo, basi anajiona amesoma vyuo vyote. Yule wa mwisho wa benchi, anayeshika kikombe kwa mikono miwili, ni Timazi, fundi mwashi. Jina alipewa kwa kuwa ukuta wake hauinami hata unywele. Miaka sita iliyopita alikuwa fundi mkuu wa ghorofa lililokuwa pale kwenye majani. Saa nne asubuhi alivuka barabara kuja kunywa kahawa, na kabla hajamaliza kikombe, ghorofa likaketi chini. Kijana wake wa kwanza alikuwa ndani, amebeba karai. Tangu siku hiyo kijiwe kina sharti moja: ile methali ya ufa na ukuta haitamkwi hapa. Atakayeitamka anamwaga kahawa yake.

Asubuhi hiyo Steshenari alifika na bahasha ya nailoni, hajakaa hata kitako.

— Fomu hii hapa. Chuo kinafunga maombi leo saa sita mchana. Kila kitu nimejaza, imebaki sahihi ya mzazi.

— Nimeshasema sitii sahihi, alijibu Timazi.

— Bwana we, binti yako kafaulu! Hisabati anayo, fizikia anayo, na jiografia juu yake. Kuna watu wanalilia fizikia peke yake mwaka wa tatu huu.

— Waililie.

Zege akamwagia kila mtu kahawa, akauliza:

— Hebu nikumbushe, anataka kusomea nini?

— Usanifu majengo, alisema Steshenari.

— Yule anayechora ramani za nyumba?

— Yule yule.

— Sasa kuchora nako kunataka fizikia ya nini? Mpwa wangu anachora simba ukutani mpaka mbwa wanabweka, na shule aliruka dirishani.

— Mtu hakai ndani ya simba, Zege. Anakaa ndani ya nyumba. Lazima ujue uzito unateremka vipi mpaka ardhini. Na masomo pekee hayatoshi, kuna usaili. Unakwenda na michoro yako mwenyewe, unakaa mbele ya walimu, wanakuuliza.

— Nasikia wanapima mkono, alisema Zege. Wanakupa penseli na kikombe cha maji juu ya kiganja. Yakimwagika, rudi kwenu. Ndiyo maana wahenga wakasema mkono mtupu haulambwi.

— Hiyo inahusu nini hapo? nilimuuliza.

— Si mkono!

Steshenari akapandisha miwani.

— Mkono kweli, ila wa kushoto. Wenye mashoto ndio wanaochukuliwa kwanza. Mtu wa mashoto anaiona nyumba kwa ndani kabla hajaiona kwa nje.

— Nani kakwambia?

— Nimejaza fomu zaidi ya mia nne.

— Na fomu ina swali la mashoto?

— Haina. Hapo ndipo siri ilipo.

Nikamwambia akili yake nayo inahitaji soli mpya. Zege hakungoja tucheke.

— Hayo madogo. Mimi nimesikia mwaka wa tatu wanakuingiza ndani ya nyumba uliyoichora mwenyewe, wanafunga mlango, halafu watu kumi wanaipiga nyundo kwa nje. Ukitoka mzima, umefaulu. Usipotoka...

Nilimtupia Zege jicho; lingekuwa nyundo, angelazwa hospitali. Timazi alikuwa anaangalia ng'ambo ya barabara, na kahawa yake imejaa vile vile.

— Miaka mingapi? aliuliza Timazi.

Steshenari akajibu taratibu, safari hii bila mbwembwe.

— Mitano chuoni. Halafu miwili chini ya msanifu mwenye mhuri, unamchorea vyoo na ngazi, unazunguka naye kwenye majengo. Halafu mtihani wa bodi. Ukifaulu ndipo unapewa mhuri wako, na nyumba ikiwa na kasoro unaitwa wewe kwa jina.

— Saba.

— Saba, ndiyo.

— Mimi ufundi nilijifunza miezi minne, alisema Timazi. Nikijenga choo cha mjomba.

Zege alifungua mdomo, nadhani alitafuta methali, akaufunga.

— Ndugu zangu, msinione mkaidi, aliendelea Timazi. Mmoja nilimpeleka mwenyewe kwenye jengo, nilimshika mkono nikamwambia kazi ndiyo hii. Huyu aliyebaki akasomee uuguzi. Kule watu wanaingia wagonjwa wanatoka wazima. Kwangu mimi mtoto aliingia mzima. Naogopa. Basi, nimesema, naogopa.

Nilichukua kiatu nikashona mahali palipokwisha shonwa.

Hapo ndipo tulipomwona binti mwenyewe anakuja. Ana miaka kumi na tisa, mrefu kama baba yake, na tangu ghorofa lianguke hakuwahi kukanyaga kijiweni. Alikuwa na karatasi kubwa iliyoviringwa kwapani na mfuko wa plastiki mkononi.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Kama umekuja kwa ajili ya fomu, rudi nyumbani.

— Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu, baba. Mkishanijibu naondoka, hata usipotia sahihi.

Zege alisogeza vikombe. Binti akatandika karatasi yake juu ya benchi, akakandamiza pembe zake kwa vikombe vitupu. Akatueleza kwamba chuo kimewataka waombaji walete mchoro wa jengo moja walilolifahamu vizuri, wenye vipimo, kuta, milango, ngazi, kila kitu, na watahojiwa juu yake.

Nilisimama nione. Yarabi! Lilikuwa lile ghorofa. Ngazi ilikuwa pale pale upande wa kushoto, na dirisha dogo la nyuma ambalo vibarua walikuwa wanapitishia ndoo, na mlango mpana wa duka kwa mbele. Kila mstari una namba yake.

— Umevipata wapi vipimo? aliuliza Timazi. Sauti ilikuwa kavu. Lile jengo halikuwahi kuwa na karatasi.

— Nilikuwa namletea kaka chakula cha mchana, baba. Nikimngoja amalize kula napima kwa nyayo, kisigino kwa kidole, ulikuwa mchezo wangu. Kuta zote nazikumbuka. Wa ngazi ulikuwa nyayo kumi na tisa.

— Nyayo si kipimo.

Akatoa kwenye mfuko kiatu cha shule, cheusi, cha mtoto wa miaka kumi na tatu. Nilikitambua kabla hajakiweka chini. Uzi wa pembeni ni mwekundu, kwa sababu siku nilipokishona mweusi ulikuwa umeniishia na yeye alisema haidhuru.

— Sentimita ishirini na mbili na nusu, alisema. Nimezidisha.

Timazi alikishika kile kiatu, akakigeuza, akakirudisha polepole.

— Haya. Uliza.

— Nguzo za chini zilikuwa ngapi?

Swali lenyewe ndilo hilo. Hata mimi nilishangaa kwa wepesi wake, maana mbele yake walikaa watu wawili waliolijenga, Timazi na Zege, na wawili waliolitazama likipanda.

— Kumi na mbili, alisema Zege haraka. Nilizimimina kwa mikono yangu hii. Safu tatu, nne nne.

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Akafika mahali akasita, akarudia.

— Au kumi na tatu. Ile ya ngazi tuliihesabu?

— Ya ngazi haikuwa nguzo, ulikuwa ukuta, nilimwambia. Mimi nilikuwa naona kumi kutoka kibandani.

— Wewe ulikuwa unaona viatu! alisema Steshenari. Zilikuwa kumi na nne. Mradi ule...

— Ulikuwa unajua nini wewe? Uliliona likishapakwa rangi! alisema Zege.

— Baba? aliuliza binti.

Timazi alikuwa ameinamisha kichwa.

— Sijui, alisema.

— Hukumbuki?

— Sijui, mama yangu. Mimi ndiye fundi mkuu na sijui. Ramani ilikuwa mdomoni mwa mwenye nyumba. Alikuwa anakuja kila asubuhi, anaonyesha kwa kidole: hapa weka, hapa toa. Tukiweka kesho anasema toa, tukitoa anasema weka. Siku moja akataka mlango wa duka uwe mpana, gari la mzigo liingie kinyumenyume. Akanionyesha mahali pa nguzo, akasema hii iache, usiisimamishe. Ukuta wangu ulikuwa umenyooka. Nikajiambia maadamu ukuta umenyooka...

Hakumaliza. Zege naye akaongea akiangalia birika lake.

— Mimi niliikuta boksi ya nguzo moja, mbao za kumiminia, imeng'olewa. Sikuuliza. Nilijua mwenye nyumba umeshamuuliza wewe.

— Nami nilipoona umemimina nyingine bila kuuliza, nilijua umeona haina neno, alisema Timazi.

Miaka sita wamekaa benchi moja, wamegongana mabega, wanakunywa birika moja, na hilo hawakuwahi kuambiana.

— Na baada ya hapo? aliuliza binti. Penseli yake ilikuwa mkononi lakini haandiki.

Zege ndiye aliyejibu.

— Baada ya hapo mwenye nyumba akaongeza ghorofa la pili. Halafu ukaonekana ule... Ndugu yangu, si walisema, usipoziba ufa...

Alijishika mdomo. Nikasimama nimzuie, ila Timazi aliinua mkono.

— Malizia.

— Utajenga ukuta, alisema Zege, akalia.

— Hiyo methali ndiyo inayoniua, alisema Timazi. Watu wanadhani hatukuziba. Tuliuziba! Mimi na wewe, kwa lipu safi, mara mbili. Mara ya pili ulipendeza mpaka mwenye nyumba akatusifu.

— Ulianzia wapi, baba?

— Juu ya mlango wa duka. Kwenye kona.

Binti aliweka kidole kwenye karatasi, pale juu ya mlango mpana, akakiacha hapo.

Zege alinyanyuka. Sharti ni kumwaga kikombe, lakini yeye alichukua birika zima, akalimimina chini mpaka tone la mwisho, na ilikuwa bado saa tatu asubuhi.

Timazi akatoa tepu ya kupimia mfukoni. Anatembea nayo siku zote, na kazi yenyewe ameiacha. Akavuka barabara. Katika miaka sita sikuwahi kumwona akivuka upande ule. Akaingia kwenye majani, akapiga magoti, akaanza kung'oa. Binti akamfuata, sisi wengine tukafuata. Hata Steshenari alipandisha suruali yake akang'oa, bahasha ameiuma kwa meno.

Vifusi vilizolewa zamani na nondo zilikatwa na watu wa chuma chakavu, lakini visiki vya nguzo vilikuwa vimebaki usawa wa ardhi. Kila tulipopata kimoja, Timazi alikifuta udongo kwa kiganja na kutaja namba, binti akaandika. Safu ya nyuma, vinne. Safu ya kati, vinne. Safu ya mbele, kimoja, halafu tepu ikafika mahali pa cha pili na pakawa na udongo tu. Timazi alichimba kwa vidole. Akachimba kwa kipande cha tofali. Udongo mtupu. Mbele yake vikafuata viwili.

— Kumi na moja, alisema binti.

— Kumi na moja, alisema baba yake.

Alibaki pale pale kwenye udongo. Nilitaka kumwinua, Zege akanishika mkono. Binti alichora visiki kumi na kimoja kwa mraba mweusi, na pale mahali pa cha kumi na mbili akachora mraba wa nukta nukta, mtupu.

— Hapo umechora nini? aliuliza Timazi.

— Iliyotakiwa kuwepo. Wakiniuliza nataka niwe najua.

Timazi alinyoosha mkono kwa Steshenari bila kumtazama. Akapewa fomu na kalamu. Akaiweka juu ya kisiki cha mbele, cha jirani na ule udongo, akatia sahihi akiwa bado amepiga magoti. Mwandiko ulipinda, fundi ambaye hajawahi kupindisha kitu.

— Miaka saba ni mingi, alisema.

— Ni mingi, baba.

— Siku moja atakuja mtu mwenye nyumba yake, anakunyooshea kidole. Ana haraka, na ni mkubwa kwako, na vibarua wote wanakutazama wewe. Anakwambia hii iache.

— Siiachi.

— Akikasirika?

— Akasirike, baba.

Timazi aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Steshenari aliichukua fomu akaondoka mbio, suruali bado imepanda magotini. Zege alirudi benchi akakusanya vikombe, akauliza kama kuna anayejua mahali pa kupata maji ya kuchemsha birika jingine. Mimi nilirudi kibandani. Binti alikuwa amekisahau kile kiatu juu ya benchi, nikakitia kiwi, nikakiweka mahali atakapokiona akirudi.