Mwalimu wa Mkeka wa Nyuma

Marehemu, ambaye wengi walimwita Mwalimu wa Mkeka, alizaliwa tarehe 9 Machi 1976, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe nesi. Alikuja duniani kabla ya wakati wake, mdogo mno, hata baba yake akamshonea vazi la kwanza kwa mabaki ya kola za mashati ya wateja.

Mama yake alihamishwa kila mara kutoka zahanati moja hadi nyingine, kwa hiyo shule ya msingi aliisoma vipande vipande. Kila alipofika shule mpya alijificha nyuma ya madarasa wakati wa mapumziko, yeye na kitabu. Alikuwa akisema kitabu ndicho rafiki pekee ambaye hakumuuliza ametoka wapi na atakaa hadi lini. Alimaliza sekondari mwaka 1994 na chuo cha ualimu mwaka 1997.

Januari 1998 alikabidhiwa darasa la tatu. Mwaka huohuo mwanafunzi wake mmoja alirudi kutoka kumzika baba yake. Darasa zima likasimama kumwambia pole, naye akaingia chini ya dawati, akagoma kutoka. Marehemu hakumbembeleza. Alikaa sakafuni, akaanza kusoma kwa sauti hadithi ya kobe aliyepasuka gamba. Alipofika katikati akanyamaza. Chini ya dawati ikasikika sauti: "Halafu?"

Tangu siku hiyo alitandika mkeka nyuma ya darasa, akapanga vitabu vya watoto ukutani. Waliofiwa, waliohamia, ambao wazazi wao wameachana, wote walipita hapo. Sharti lilikuwa moja tu: mtoto asiulizwe habari za kwao. Aulizwe habari za kobe. Mwalimu mkuu alimtania, "Wenzako wanakimbizana na silabasi, wewe unafuga kobe!"

"Kobe wangu wanajua kusoma, mkuu," alijibu. "Wako je?"

Hakufanikiwa kila mara. Msichana mmoja aliyeachwa na mama yake alisomewa hadithi ya bata aliyewarudia vifaranga wake. Akawa anasimama getini kila jioni kungoja, mpaka mlinzi akamwonea huruma akamfukuza arudi nyumbani. Baada ya hapo marehemu alichukua gundi akazibandika kurasa za mwisho za kila kitabu kilichoahidi mno. Watoto walipolalamika, aliwaambia, "Huko mbele hata mimi sijafika."

Tarehe 12 Desemba 2009 aliolewa na fundi umeme aliyekuja shuleni kubadilisha balbu, kisha akawa anarudi kuikagua balbu hiyohiyo hadi walimu wakaanza kumwita shemeji. Walijaliwa binti mmoja, mwaka 2014, kifungua mimba na kitinda mimba kwa pamoja.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Madaktari hawakumficha. Huko shuleni mkeka ulikunjwa kupisha madawati, na vitabu vikaliwa na mchwa stoo. Alipoviomba, alipelekewa vichache vilivyosalia. Hilo hakulilia. Alitaka kitu kimoja: kumwandaa binti yake kabla hajaondoka. Alimsomea hadithi ya ndege aliyeruka asirudi, akamsomea ya bibi aliyezeeka akafa. Mtoto akaufunika ukurasa kwa kiganja.

"Mama, hizo ni za wanafunzi wako."

Jioni hiyo marehemu alimwambia dada yake, "Dada, nimewasomea watoto wa watu miaka yote hii. Wangu nimekosa cha kumsomea."

"Utapata tu, mdogo wangu."

"Wapi?"

Siku chache baadaye marehemu alimwomba binti aanzishe hadithi yeye mwenyewe, wataiendeleza pamoja. Mtoto akasema, "Kulikuwa na mama. Hakufa."

"Halafu?"

"Hakuna halafu. Hakufa."

Marehemu alivirudisha vitabu kwenye boksi, na hakusoma tena.

Alifariki mchana wa Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, katika wodi ya wanawake, mumewe akiwa amemshika mkono. Binti yake alikuwa darasani akifanya mtihani wa hesabu. Aliitwa nje kwa jina, na hakuna aliyejua amwambie nini kwanza.

Ameacha mume, binti mmoja, mama mzazi, dada, kaka, wapwa, mawifi na mashemeji, pamoja na wanafunzi ambao leo wengine wamekuja na watoto wao.

Jana jioni binti yake alisomewa wasifu huu kabla haujapelekwa kuchapwa. Mwishoni palikuwa pameandikwa kwamba mama amelala na siku moja wataonana. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba sehemu hiyo ifutwe. Shangazi yake, aliyeuandika, akamuuliza aandike nini badala yake.

"Andika amekufa."

Amekufa. Alikuwa amechoka sana, na apumzike.