Pomboo Hakimbizwi

Siku nne za likizo muuguzi alikizunguka kisiwa peke yake. Maporomoko matatu ameyapanda, miguu imevimba, na hata kwa boti alizokodi, pomboo hajamwona kwa karibu. Sasa yumo basini, anaiwahi feri ya kurudi nyumbani.

“Nikiona pezi tu, namwambia mwenye boti awakimbize pomboo, nao wanatoweka,” alimlalamikia nahodha mstaafu aliyeketi kando yake.

“Ala! Binti, kwani wamekuibia? Zima injini, tulia, waje wenyewe kukuchungulia. Shuka hapo ghubani, mkwe wangu ana boti.”

“Na kesho wodini? Utachoma sindano wewe, mzee?”

“Nitachoma. Watapona kwa woga.”

Muuguzi alicheka kwa uchovu. “Likizo nyingine ni baada ya miaka miwili.”

“Basi shuka!”

Basi likasimama ghubani. Konda akauliza nani anashuka. Muuguzi akautia mkoba begani, akabaki ameketi, basi likaondoka kuelekea kwenye feri.