Orodha ya Thadeus Haikupotea

Nyinyi makarani vijana, someni karatasi hii mkiwa mmesimama. Mlimcheka mtu aliyewafundisha kupanga faili, na sijasikia hata mmoja wenu akimwambia pole. Aibu ni yenu.

Thadeus Obwocha amefanya kazi katika ofisi hii ya chama cha wakulima wa chai, hapa Nyamira, miaka ishirini na tisa. Anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 1997. Mimi Nyamusi, ninayewapikia, nimekuwa hapa naye miaka kumi na saba, kwa hivyo sihadithiwi na mtu. Shule niliacha darasa la tatu, lakini macho ninayo.

Alianza na taipu. Mkulima wa kijiji cha Sironga aliingia na udongo miguuni, akatoka na barua iliyonyooka, wala hakuulizwa kwa nini hajui kusoma. Thadeus alipiga taipu akiimba nyimbo za Sabato chini chini, sauti mbaya kabisa. Mameneja watatu walimwomba anyamaze, wote wakashindwa. Karatasi ya kunakili aliiweka kulia kwake, daima kulia. Ndivyo alivyofundishwa.

Kompyuta ilipoletwa, hakubadili desturi. Aliambiwa kila kazi ina dirisha lake ndani ya kioo. Basi dirisha la orodha ya wakulima akalivuta kulia kabisa, la barua akaliweka kushoto, akafanya kazi vizuri mwaka mzima. Mwezi wa tano kioo kikubwa mkakihamishia chumba cha meneja, yeye akaletewa kidogo. Asubuhi hiyo orodha haikuonekana. Jina la orodha lilikuwa pale chini ya kioo. Akilibonyeza, hakuna kitu. Wakulima mia nne na kumi na wawili, hawaonekani.

"Mzee ameifuta," mkasema. "Mrudishieni taipu yake ya mkoloni!" Meneja Ombui akaandika barua ya onyo, ikaingia kwenye faili ya Thadeus: amepoteza orodha ya chama kwa uzembe.  Thadeus alikuja jikoni, akashika kikombe mpaka chai ikapoa. "Nyamusi, labda ni kweli nimezeeka." Tangu siku hiyo hajaimba. Alipiga majina yote upya kwa taipu, wiki tatu, mgongo umepinda, macho yanatoka maji.

Mwezi uliopita Kartik, mwenye duka la kompyuta kule Kisii, alikuja kutengeneza printa. Akabonyeza vitufe vichache na kile chenye mshale, na orodha ikaingia kutoka kulia, polepole kama ng'ombe anayerudi boma. Majina yote yapo. Dirisha lilikuwa likifunguka pale lilipozoea, nje ya kile kioo kidogo. Hakuna aliyefuta kitu. Mlioondoa kioo ni nyinyi. Thadeus aliangalia, akatoka nje, akalia karibu na tangi la maji. Nilimwona.

Asante, Thadeus, kwa kila barua uliyomwandikia asiyejua kuandika. Nenda kwenu Marani kwenye migomba yako, na Mungu akupe uzee usio na bosi.

Nawe Ombui, faili yake inafungwa Ijumaa na uongo wako ukiwa ndani. Itoe barua hiyo. Andika nyingine, iseme hakupoteza kitu, tia sahihi, uisome kwa mdomo wako mbele ya mkewe Bochaberi. Sufuria za karamu ya kumuaga siku hiyo nitazifunika. Usiguse sahani kabla hujaisoma.